Jimmie Angel, Rubani wa Auyán-tepui

Maporomoko ya maji yaliyo marefu kupita yote ulimwenguni yako katika nchi ya Venezuela, nayo huitwa Maporomoko ya Angel. Katika vitabu vya jiografia huandikiwa mstari mmoja tu, jina na kimo chake, mita 979, kisha kitabu huendelea na mambo mengine. Wengi wetu hudhani kwamba jina hilo lina maana ya malaika, kwa kuwa ndiyo maana ya neno hilo kwa Kiingereza, na maji yaangukayo kutoka mawinguni yaweza kweli kuitwa hivyo. Lakini sivyo. Angel alikuwa mtu, tena rubani, mwenye mke na wana wawili, aliyekuwa akitafuta dhahabu. Mimi nilipopata kujua jambo hilo katika maktaba yetu sikutulia mpaka nilipoyajua maisha yake yote, na sasa napenda kuwasimulieni wasomaji wa gazeti letu.

James Crawford Angel, ambaye watu wote walimwita Jimmie, alizaliwa tarehe 1 Agosti 1899 katika jimbo la Missouri, Marekani. Alikuwa mtoto wa miaka minne tu wakati ndugu wawili wa Wright waliporusha eropleni yao ya kwanza mwaka 1903, kwa hiyo yeye na eropleni walikua pamoja. Habari za ujana wake zimetiwa chumvi nyingi. Husimuliwa kwamba alijifundisha kuruka akiwa na miaka kumi na minne, na kwamba alifanya mambo makubwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Sehemu kubwa ya habari hizo haina uthibitisho, na yeye mwenyewe, kwa kadiri nionavyo, hakuwa mtu wa kuharibu hadithi nzuri kwa kuipunguza. Lililo hakika ni kwamba katika miaka ya 1920 alikuwa rubani hodari, aliyepata riziki yake kwa kuruka popote palipokuwa na mtu wa kumlipa, na kufanya michezo ya hatari angani mbele ya watazamaji.

Hadithi iliyobadili maisha yake ni ya dhahabu. Angel alisimulia kwamba siku moja huko Panama alikutana na mzee mmoja mchimba madini, aliyemwomba amchukue kwa eropleni mpaka juu ya mlima fulani katika Venezuela, naye angemlipa maelfu ya dola. Mzee huyo hakutaka kutaja mahali. Akawa akimwonyesha njia kwa mkono tu, kushoto, kulia, mpaka wakatua juu ya mlima uliokuwa bapa kama meza. Hapo wakaokota dhahabu katika kijito mpaka jua lilipokaribia kuchwa, wakaondoka kwa sababu usiku ungewakuta. Baadaye mzee akafa, na Angel akabaki na siri ambayo hakuwa na ramani yake. Wapo wasemao kwamba mzee huyo hakuwako kabisa. Mimi siwezi kuamua kesi hiyo. Lakini mtu hawezi kutumia miaka mingi ya maisha yake, na fedha zake, na hatimaye eropleni yake, kwa kutafuta kitu ambacho yeye mwenyewe hakiamini; na Angel aliamini.

Shida yake itafahamika tukijua milima ya huko ilivyo. Kusini mwa Venezuela pana nchi ya mbuga iitwayo Gran Sabana, na juu ya mbuga na misitu hiyo imesimama milima zaidi ya mia moja ambayo wenyeji wake, Wapemón, huiita tepui. Si milima yenye kilele kama Kilimanjaro wala Meru. Kila mmoja una magenge yaliyosimama wima pande zote kama ukuta wa boma, na juu yake ni bapa. Miamba yake ni ya mchanga ulioshikamana ukawa mgumu sana, na mchanga huo uliletwa na mito na bahari za kina kifupi yapata miaka milioni 1,700 iliyopita, siku ambazo Amerika ya Kusini na Afrika yetu zilikuwa hazijaachana bado. Wakati huo yote ilikuwa tambarare moja. Kisha maji yakaila nchi kwa muda usiohesabika, yakapenya katika nyufa na kuzipanua, yakachukua sehemu laini, na vilivyobaki vimesimama peke yake ndivyo hivyo tepui. Kwa hiyo mlima wa namna hii haukuinuka. Ni nchi iliyouzunguka ndiyo iliyoshuka.

Sasa mwangalie rubani aliyeonyeshwa mlima mmoja, mara moja tu, miaka ya nyuma, akiwa na mafuta ya kuhesabu, na mbele yake iko zaidi ya mia, yote bapa, yote imefunikwa na mawingu karibu kila siku! Auyán-tepui peke yake una eneo la kilomita za mraba 700 hivi juu yake, jambo ambalo lamaanisha kwamba ungekipunguza kiasi kisiwa cha Pemba ungepata uwanja ulio sawa nao, kisha uuinue huo mpaka karibu mita 2,500 juu ya bahari.

Ni katika kutafuta huko ndipo mwezi wa Novemba 1933 alipoingia na eropleni yake katika bonde jembamba linaloupasua mlima huo, liitwalo Bonde la Ibilisi. Kuta za mawe zilikuwa huku na huku. Pembeni mwa ukuta mmoja aliona maji yakitoka ukingoni mwa mlima na kuanguka, yakianguka bila kugusa mwamba, na chini yakawa moshi. Maji hayo huanguka mara moja tu kwa mita 807, kisha huendelea kushuka kwa vitelemko mpaka kutimiza 979. Wakati wa kiangazi mengi yake hugeuka ukungu kabla hayajafika chini. Hayatoki kwenye ziwa wala theluji, kwani huko juu hakuna theluji. Ni mvua tu inyeshayo juu ya meza ile kubwa, ikakusanyika katika nyufa na kutafuta mahali pa kutokea.

Aliporudi akasimulia, naye hakusadikiwa. Jambo hili halikunishangaza, kwa kuwa mtu aliyekwisha kusimulia mengi hulipa gharama yake siku anaposema kweli. Mwaka 1935 aliwachukua watu wengine akawapitisha katika bonde lile lile, nao wakaona kwa macho yao. Lakini Angel hakuyajali maporomoko kama sisi tunavyoyajali. Moyo wake ulikuwa juu, kwenye kijito cha dhahabu.

Hata tarehe 9 Oktoba 1937 ikafika. Siku hiyo aliirusha eropleni yake ya bati tupu, iliyoitwa El Río Caroní kwa jina la mto wa nchi ile, ili atue juu ya Auyán-tepui. Ndani walikuwamo watu wanne: Angel mwenyewe, mkewe, Bibi Marie, Gustavo Heny, Mvenezuela aliyezoea sana safari za porini, na Miguel Delgado, aliyekuwa mtunza bustani wa Heny. Chini ya mlima, kwenye kambi, alibaki mpelelezi Félix Cardona, mtu wa Katalonia, akiwa na simu ya upepo. Hawakwenda kama wajinga. Kabla ya hapo Heny na Cardona walikwisha kutafuta kwa miguu njia ya kupandia upande wa kusini, na ndani ya eropleni walipakia chakula, hema na kamba. Napenda msomaji alishike hilo neno la kamba.

Kutoka juu uwanja ule ulionekana kuwa majani mazuri, sawasawa na kiwanja cha mpira. Eropleni ikagusa chini salama, ikakimbia. Lakini majani yale yalikuwa yameota juu ya tope. Magurudumu yakazama, mkia ukainuka, pua ikajikita ardhini. Hakuna aliyeumia. Mafuta yakawa yanavuja, na ilikuwa dhahiri kwamba chombo kile hakitaruka tena kutoka pale.

Walitafuta dhahabu, wasione hata chembe. Ndipo walipoanza kushuka kwa miguu. Mtu akisikia kwamba mlima ni bapa hudhani kutembea juu yake ni rahisi kama kutembea uwanjani. Kumbe juu ya tepui ni mahali pagumu kupita. Mvua ya mamilioni ya miaka imeuchonga mwamba ukawa vichochoro na mashimo na nguzo, na katikati yake nyufa zenye kina cha kutisha, ambazo mtu huzifikia ghafula kwa kuwa vichaka vimezifunika. Mahali pasipo na mwamba pana tope. Mchana mawingu hukaa chini hata mtu asimwone mwenziwe, na usiku ni baridi na nguo zimelowa. Njia waliyoichagua mara nyingi iliishia kwenye genge, wakarudi nyuma kutafuta nyingine. Palipokuwa hapana njia ya miguu walitumia kamba.

Siku kumi na moja walitembea. Siku ya kumi na moja wakafika Kamarata, katika bonde la Wapemón lililo kusini mwa mlima, wote wanne wakiwa hai. Katika vitabu vingi husomwa kwamba Angel alishuka Auyán-tepui. Mimi naona afadhali isemwe kwamba Heny aliwashusha, kwani ndiye aliyeijua njia. Na kwamba Bibi Marie alitembea kila hatua waliyotembea wanaume. Na kwamba Delgado, ambaye kazi yake ilikuwa maua ya bustanini na hakuwa na dhahabu aliyoahidiwa na mzee yeyote wa Panama, alipita hatari ile ile na jina lake halipo kwenye ramani yoyote niliyoiona.

Mwaka ule ule wa 1937 na ule uliofuata walikuwako watu wengine juu ya mlima huo, ambao nao walitafuta mali, ila ya namna nyingine. Hawa walikuwa wataalamu wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York, pamoja na George Tate, na safari yao ililipiwa na William Phelps, mfanya biashara wa Venezuela aliyependa ndege wa porini. Walichokipata wao ni kingi kuliko alichokipata Angel. Viumbe wa juu ya tepui wametengwa na wa chini kwa magenge kama viumbe wa visiwani walivyotengwa na bahari, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Zamani jambo hilo liliwatia watu ndoto. Mwaka 1884 Everard im Thurn alifika juu ya Roraima, tepui nyingine mashuhuri, na mwaka 1912 Arthur Conan Doyle akatunga kitabu kilichojaza majitu ya kale juu ya mlima wa namna hiyo. Hakuna majitu huko. Wakubwa ni wa chini, katika misitu na mbuga: jagwa, na tapiri, na yule mnyama mwenye pua ndefu alaye mchwa, ambaye si ndugu wa mhanga wetu ingawa kazi yao ni moja. Juu ni wadogo, lakini wadogo hao ndio wa ajabu.

Uko mmea, kwa mfano, ambao majani yake yamejikunja yakawa vikombe vya kusimama. Mvua huvijaza maji, wadudu huteleza na kuzama, na mmea hupata chakula chake. Sababu yake yafahamika kwa mtu aliyesoma kilimo. Mvua nyingi hivyo huosha ardhi na kuondoa rutuba yote, na mwamba wa mchanga hauna kitu cha kuirudishia. Basi mmea usiopata nitrojeni udongoni huitafuta kwa nzi. Namna moja ya mmea huo, iliyo ndogo, ilichukuliwa na akina Tate kutoka Auyán-tepui ikapewa jina la kisayansi mwaka 1939. Yako pia majani madogo yenye vinyweleo vya ulimbo, nayo hunasa wadudu vivyo hivyo. Maji ya mito yake yana rangi ya chai ya rangi kwa ajili ya majani yaliyooza, hata Maporomoko ya Angel ukiyakinga kwenye glasi hayawi meupe.

Na wako vyura. Juu ya Auyán-tepui anaishi chura mdogo wa jamii ambayo haipatikani ila katika milima hiyo, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1995 tu. Vyura wa jamii hii hawajui kuruka, hutambaa polepole juu ya mwamba. Ndugu yake mmoja aishiye kwenye tepui ya Kukenán akiona adui hujikunja mikono na miguu akawa kama kokoto, akabiringika chini ya jabali. Tanzania tunaye chura wa Kihansi, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko mamoja tu duniani, nasi tunajua jinsi alivyokaribia kupotea kabisa maji yalipopunguzwa. Kwa hiyo mtu wa kwetu hana haja ya kuelezwa sana maana ya kiumbe kuwa na mahali pamoja tu pa kukaa.

Angel hakukata tamaa. Mwaka 1939 aliwachukua kwa eropleni wataalamu wa serikali ya Venezuela walioipeleleza Gran Sabana, na mwezi wa Desemba mwaka huo jina lake likatiwa kwenye ramani ya serikali. Kimo chenyewe hakikupimwa mpaka mwaka 1949, mwandishi wa magazeti wa Kimarekani, Bibi Ruth Robertson, alipoongoza safari ya mtoni na msituni mpaka chini ya maporomoko. Hapo ndipo dunia ilipoamini ile namba tunayoikariri darasani.

Lakini liko swali la jina, na katika bweni letu limekwisha kuleta ubishi mkubwa. Wapemón waliyajua maji hayo kabla babu yake Angel hajazaliwa. Wao huyaita Kerepakupai Merú, yaani maporomoko ya mahali penye kina kupita pote, na mlima wenyewe wengi hufasiri jina lake kuwa Mlima wa Ibilisi. Mwaka 2009 Rais Hugo Chávez alitangaza kwamba yafaa kutumia jina la Wapemón. Wenzangu wengine husema Angel ndiye aliyeyajulisha ulimwenguni, basi apewe haki yake. Mimi ni wa upande wa pili. Aliyeyajulisha ulimwenguni aandikwe katika historia ya urubani, nami nimemwandika hapa kwa kurasa nzima. Lakini mahali pana wenyewe na jina lake. Wapemón ndio wangali huko, ndani ya mbuga ya taifa ya Canaima iliyowekwa mwaka 1962 na kuingizwa mwaka 1994 katika orodha ya urithi wa dunia, nao ndio wanaosumbuliwa leo na wachimba dhahabu wasio na ruhusa, ambao hutia zebaki katika mito wanayovulia samaki. Dhahabu ile ile.

Angel aliendelea kurusha eropleni katika nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini. Mwezi wa Aprili 1956, alipokuwa akitua katika mji wa David, Panama, alipata ajali akaumia kichwani. Hakupona. Akafa katika mji wa Panama tarehe 8 Desemba 1956, mwenye umri wa miaka 57, bila kukiona tena kijito chake. Alikuwa ameomba majivu yake yatupwe juu ya maporomoko, na tarehe 2 Julai 1960 Bibi Marie na wanawe, pamoja na rafiki zake, wakafanya hivyo kutoka angani.

Na ile eropleni? Ilibaki juu ya Auyán-tepui, pua yake topeni, mvua ikiinyeshea kwa miaka 33. Mwaka 1964 serikali ya Venezuela iliitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1970 helikopta za jeshi zikaishusha kutoka mlimani vipande vipande. Ikatengenezwa katika mji wa Maracay. Sasa imesimama nje, mbele ya kiwanja cha ndege cha Ciudad Bolívar, mji ulio kando ya mto Orinoco. Maji ya maporomoko hushuka katika mto Churún, kisha Carrao, kisha Caroní ambao eropleni iliitwa kwa jina lake, ndipo yakaingia Orinoco yakaenda baharini.